Tikiti ya Mukhisa, Mkono wa Wanjala

Kutoka Kitale mpaka Bungoma hakukuwa na mtu aliyejua sheria za kazi kumpita Absalom. Hayo hayakuwa maneno ya watu. Yalikuwa yake mwenyewe, na aliyasema kila asubuhi penye mashine ya kupukuchua mahindi, kalamu nyuma ya sikio, kabla vibarua hawajamaliza uji.

"Mimi nimesoma sekondari, bana. Mkikwama niiteni. Sheria naijua mbele na nyuma kama suruali yangu."

"Suruali gani?" akauliza Dinah, mama aliyekuwa akimwaga mahindi kwenye mashine. "Si hiyo yenye kiraka nyuma?"

Watu wakacheka, na Absalom akacheka kuwapita.

Ilikuwa mwaka wa 1951, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Kiminini, na Absalom ndiye aliyekuwa karani wa tikiti. Kila kibarua alikuwa na tikiti ya siku thelathini. Ukifanya kazi siku moja, karani anatia alama. Zikitimia zote, unalipwa. Ukichelewa kuzitimiza, tikiti inakufa na jasho lako linapotea. Ndiyo maana vibarua waliotoka Bumula, upande wa Bungoma, walikuwa na mtindo wao: mtu akipatwa na msiba, ndugu yake anamshikia tikiti mpaka arudi.

Basi Mukhisa akafiwa na baba yake mkubwa, akaenda nyumbani kuzika. Binamu yake Wanjala, aliyekuwa amemaliza tikiti yake juzi tu, akaja asubuhi na ile ya Mukhisa mkononi.

"Karani, nimshikie ndugu yangu siku tatu hivi?"

"Ingia tu," Absalom akasema huku akitia alama. "Leo wewe ni Mukhisa. Hata mke wake akija hapa, itika."

Saa nne mkanda wa mashine ukanasa shati la Wanjala. Watu wakapiga mayowe, injini ikazimwa, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshasagika. Hospitalini Kitale wakaukata kwenye kifundo.

Jumapili Absalom akaenda kumwona, na ndizi mbivu kwenye kikapu. Wanjala hakuzigusa.

"Karani, wewe umesoma. Nasikia mtu akiumia kazini kuna fidia. Na mimi nitapata?"

Absalom hakuwa amewahi kuisoma sheria hiyo. Alikuwa ameona jalada lake tu, juu ya meza ya mzungu, siku alipopeleka barua. Angesema "sijui, ngoja niulize," nani angemcheka? Mgonjwa aliyekatwa mkono? Lakini kulikuwa na wagonjwa wengine wanne wamegeuza shingo kumsikiliza msomi, na moyoni alikuwa na hofu ya ile alama aliyotia. Akainama, akashusha sauti kama wakili.

"Ndugu yangu, wewe ulikuwa kwenye tikiti ya mtu mwingine. Sheria haikujui kabisa. Ukidai, watakushtaki kwa udanganyifu. Ukipona, nenda nyumbani, ukae kimya."

"Asante, karani," Wanjala akasema. "Umeniokoa."

Asante hiyo ilimkaa Absalom kooni miezi mitano. Alipokwenda likizo Bungoma, akapita Bumula, akamkuta Peris, mke wa Wanjala, akilima na ng'ombe peke yake, mimba ikiwa kubwa. Wanjala alikuwa amesimama kando ya shamba, mpini wa jembe ameubana kwapani, akijaribu kulima na mkono wa kushoto. Alipomwona mgeni akaficha kile kigutu nyuma ya mgongo, kama kwamba yeye ndiye aliyekosa. Absalom alikuwa amekuja na mizaha yake mitatu minne ya njiani. Hakutoa hata mmoja.

Aliporudi Kitale akaazima kijitabu cha sheria kwa rafiki yake aliyekuwa karani mjini, akakisoma kurasa zote. Akaona kwamba mtu aliyeajiriwa, akiumia akiwa kazini, ana haki ya kudai. Alichotakiwa ni kutoa habari mapema. Muda wa kudai ulikuwa haujaisha, ila ulikuwa ukingoni. Akatuma ujumbe Bumula: njooni upesi.

Wakaja. Afisa wa leba, yule wa serikali anayeamua mambo ya wafanyakazi, akawaketisha wote ofisini kwake: Wanjala na Peris, mzungu wa shamba, Absalom, na Dinah aliyeitwa aeleze jinsi mkanda ulivyonasa.

"Mimi huyu sikumwandika siku hiyo," mzungu akasema. "Aliingia kwa jina la mtu. Kama karani wangu alimjua akamruhusu, basi alikuwa mtu wangu, nitalipa. Kama alimdanganya karani, hilo si langu." Akamgeukia Absalom. "Na karani anayecheza na tikiti zangu hatalala tena shambani kwangu."

Afisa akatia kalamu wino. "Karani, ulijua ni nani?"

Njia nzima kutoka Kiminini Absalom alikuwa amejiapia kwamba atasema kweli. Sasa akaona nyumba yake ya mabati kule shambani, na mama yake anayemtegemea, na vile watu watakavyosema.

"Nilidhani ni Mukhisa, bwana," akasema. "Wamefanana sana."

Peris akashika tama. Wanjala akatazama sakafu tu.

"Haya, mama," afisa akamwambia Dinah, "eleza jinsi mkanda ulivyonasa."

"Nitaeleza, bwana. Nilikuwa upande wa pili, namwaga mahindi. Mkanda ulipomshika, mtu wa kwanza kupiga kelele alikuwa karani huyu. Akakimbia akitupa makaratasi. Alikuwa analia, bwana. Akaita, 'Wanjala! Wanjala, vuta mkono!' Jina la Mukhisa sikulisikia kinywani mwake."

Afisa akaacha kuandika. "Karani, umesikia?"

Absalom alikuwa amesikia. Wanjala naye alikuwa ameinua uso, akimtazama, akimngoja.