Gamba kwenye Karatasi ya Jua

Baba yake ndiye aliyempa jina la Kiroboto, maana hakutulia hata kidogo. Sasa hivi yuko juu ya ukuta, sasa hivi yuko kwenye tanki la maji. Lakini tangu siku ile nyoka alipoonekana nyuma ya stoo, kiroboto aligeuka konokono. Hakutoa mguu nje. Mchana kutwa alikaa chini ya meza ya cherehani ya mama yake, kazungukwa na vipande vya vitambaa, miguu kaikunja asije akaumwa na kitu ambacho hakikuwapo.

Mama yake, fundi wa nguo, alijua vizuri hofu ile ilikotoka. Nyoka mwenyewe alikwenda zake kimya kimya. Aliyepiga yowe mpaka majirani wakaja mbio na marungu alikuwa yeye. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwao hakuumwa hata mmoja, na walishtuka vilevile! Sasa shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, njia ya shule inapita uani, katikati ya nyasi, na mtoto wa darasa la pili habebwi mgongoni. Asipotoka mwenyewe, itakuwaje?

Ndipo wifi yake alipokuja kuwatembelea. Huyu alikuwa mwalimu wa sanaa, mwanamke mrefu mwenye maneno mengi na vidole visivyokosa rangi. Alikuja na bahasha nyeusi na boksi la viatu, na ndani ya boksi, yarabi, mlikuwa na gamba la nyoka.

"Wifi, umekuja kutusalimia au kutumaliza?"

"Hii ni nguo kuukuu tu. Mwenyewe keshavaa mpya. Na wewe fundi mzima unaogopa nguo?"

Sauti ikatoka chini ya meza. "Shangazi, kwa nini aliivua?"

"Ilimbana. Gauni lako la mwaka jana si linakubana?"

Shangazi hakumvuta mtoto atoke. Alijikunja na urefu wake wote, akaingia naye chini ya meza. Kwanza wakacheza na karatasi za jua, zilizofichwa mwanga ndani ya ile bahasha nyeusi. Unaweka kitu juu ya karatasi, unakibana kwa kioo, unaianika juani, kisha unaisuuza kwa maji. Palipopigwa na jua hugeuka buluu, palipofunikwa hubaki peupe. Wakachapa vifungo, wakachapa lesi, wakachapa mkasi wa mama, vyote kwenye kizingiti cha dirisha asubuhi, jua linapofika hapo. Kitu kikitikisika, shangazi alisema, picha hutoka na ukungu.

Baadaye, taratibu, likaja gamba. Alimwonyesha jinsi nyoka anavyolivua ndani nje, kama soksi. Akamwonyesha vigamba viwili vyeupe kama kioo vilivyokuwa vimefunika macho.

"Hana kope. Ukidhani anakukodolea macho, maskini, hawezi kuyafumba. Na mtikisiko wa ardhi anausikia. Ukikanyaga kwa kishindo, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuondoka. Haya, ukimwona?"

"Sisogei karibu. Narudi nyuma polepole. Simgusi, simpigi mawe. Naita mkubwa."

Mama alikuwa kwenye cherehani juu yao, anajifanya anashona, mshono umekwenda upogo. Alimwonea wivu wifi yake kidogo, kisha wivu ukamtoka, ukabaki mshangao mtupu. Yeye angemwambia mtoto "acha woga" na kuona amemaliza kazi.

Na kwa kutaka kusaidia, akaharibu. Jumamosi, wifi akiwa bafuni, aliiona ile bahasha nyeusi akaingiwa na wasiwasi kwamba mna gamba jingine limefichwa, mtoto asije akalikuta. Akaifungua dirishani peupe, akazitandaza karatasi zote mezani ili ahakikishe. Zikaanza kubadilika rangi mbele ya macho yake.

"Wifi, nimefanya nini?"

Wifi akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Umezianika zote, mama! Maji yakimwagika hayazoleki." Akapekua, akaipata moja iliyokuwa imenasa ndani ya bahasha. "Imebaki hii. Ila jua limeshahama dirishani. Saa hizi liko kwenye jiwe la nyuma ya stoo tu."

Akalaza gamba kwenye karatasi, akafunika kwa kioo na kitambaa, akaviweka juu ya kipande cha ubao.

Kiroboto akatoka chini ya meza. "Nipeleke mimi?"

"Peleka."

Mama akafungua kinywa. Wifi akamshika mkono. Wakasimama dirishani, mahali lile jiwe lilipoonekana. Mtoto akavuka uwanja akikanyaga kwa vishindo, akaweka ubao kwenye jiwe, akaondoa kitambaa. Upepo ukakiinua kioo. Akakigandamiza kwa kiganja, akachuchumaa papo hapo, macho kwenye nyasi.

Nyasi zikatikisika.

Yowe likampanda mama kooni. Alinyakua kipande cha kitambaa akajiziba mdomo nacho, machozi yanamtoka. Nyasi zikatikisika tena, akatokea mjusi, akaota jua kidogo, akaenda zake. Mtoto hakusogea.

Alipoileta karatasi, wakaitia kwenye beseni. Buluu ikapanda. Gamba likatokea jeupe, kigamba kwa kigamba, mpaka pale penye jicho. Na pembeni, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: vidole vya mtoto, kingo zake safi kama vilivyokatwa kwa mkasi, bila ukungu hata chembe.

Shangazi akainama juu ya beseni, akavihesabu vile vidole.

"Mwanangu," mama alisema, "hukutetemeka hata kidogo?"

"Nilikuwa nataka kutetemeka," Kiroboto alisema, akiitoa karatasi majini kwa ncha za vidole. "Nikakuangalia dirishani. Nikaona hupigi kelele."