Misa ya Zamu na Mkaguzi wa Paa

Attracta Gilhooly alikuwa ameificha brashi ya rangi ndani ya banda la kuku, na sasa amekaa jikoni ametulia tuli kama mtu asiyejua brashi ni mdudu gani. Jirani yake Concepta Mulvey akaingia na brashi nyingine mbili.

"Nilijua utaipoteza ile," Concepta akasema. "Umri huu wetu, mwenzangu, tunapoteza mpaka meno. Haya, nipishe hapo, naanza na dari."

"Harufu ya rangi inanibana kifua."

"Basi kaa nje. Jua linawaka."

Na kweli liliwaka. Kule kaunti ya Leitrim, ambako mvua huingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi na kukaa mpaka ichoke yenyewe, wiki ile halikudondoka hata tone. Attracta alitoka nje akaitazama ile mbingu ya buluu kwa chuki ya wazi. Alikuwa na sababu zake.

Paa la nyumba yake lilikuwa limeoza upande wa nyuma. Vigae vya mawe vilikuwa vimeteleza, mvua ikawa inapita moja kwa moja hadi chumbani kwake, na ukuta ukaota ukungu mweusi kuanzia dari mpaka kitandani. Binti yake Ursula, aliyeolewa mbali, kule Carlow, alishakata shauri: paa lisipotengenezwa kabla ya baridi, mama anahamia kwake. Ursula alikuwa na roho nzuri. Alikuwa pia na mazulia meupe, na nyumba ambayo mtu huvua viatu mlangoni na habari za kuku hazitajwi. Attracta alikuwa na miaka sabini na tisa, na alitaka kufia hapahapa kijijini kwake Drumreask, tena si mwaka huu.

Fedha za kumlipa fundi hakuwa nazo. Serikali ilikuwa na fungu la kuwasaidia wazee kukarabati nyumba zao, na halmashauri ya kaunti ilikuwa ikimtuma mkaguzi aje aone kwa macho yake kilichooza. Attracta aliliomba fungu hilo kimyakimya, majirani wasijue. Mkaguzi alikuwa aje Jumatatu. Jumatatu yenyewe akapiga simu kwamba mgongo umemkaza, hawezi hata kuvaa soksi. Atakuja Alhamisi mchana. Alhamisi ikipita, akasema, fungu la mwaka huu ndiyo basi, itabidi mama asubiri la mwakani. Mwakani Attracta angekuwa Carlow, pekupeku juu ya zulia jeupe.

Na Alhamisi hiyohiyo asubuhi ilikuwa siku ya misa ya zamu. Misa hiyo Drumreask huzunguka nyumba hadi nyumba, na zamu ikikuangukia, nyumba lazima ing'ae. Watu wamewahi kubomoa ukuta mzima ili padri asione ufa. Majirani huja kusaidia upende usipende, kwa kuwa hakuna anayetaka isemwe parokiani kwamba watu wa kwao wanamsomesha padri misa kwenye gofu. Kwa hiyo uozo ambao mkaguzi alikuwa anakuja kuutafuta, Concepta alikuwa anaupaka rangi nyeupe, kwa mikono miwili.

Attracta angeweza kusema neno moja tu, wangeacha. Neno hilo ndilo lililomshinda. Drumreask haikuwa na desturi ya kuiomba serikali. Concepta alikuwa na madirisha mapya nyumba nzima, lakini hayo yalilipwa na mwanawe wa Chicago. Malachy Bohan wa kule bondeni alikuwa na bafu jipya, la kuingia bila kuinua mguu, lakini yeye aliuza mitamba. Na aliyewasifu kwa sauti kuliko wote ni Attracta, ambaye kwa miaka mingi, hasa akishatiliwa wiski kidogo ndani ya chai, alitangaza kwamba yeye hakuzaliwa kuinama mlangoni kwa halmashauri. Sasa ameinama, na hakutaka mtu amwone akiwa katika mkao huo.

Basi akapigana vita vya chinichini. Alimtuma Concepta mjini kwa rangi ya krimu, na ilipoletwa akadai alisema ya rangi ya maziwa. Alimwaga ndoo ya gundi akamsingizia paka. Alimpeleka Malachy kutafuta ngazi kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alijua fika kwamba hana ngazi. Haikusaidia. Malachy alirudi na ngazi mbili. Hadi Jumatano jioni dari ilikuwa nyeupe pe, chumba cha nyuma kimebandikwa karatasi mpya za ukutani zenye maua ya waridi, na Malachy alikuwa amepanda akavirudisha vigae vilivyoteleza mahali pake. Nyumba haikuwahi kupendeza hivyo tangu harusi yake. Attracta aliizunguka akaona kilio kinamjia, akajikaza.

"Umefurahi mpaka umekosa la kusema," Concepta akamwambia.

"Nimekosa kabisa."

Asubuhi ya misa jua lilikuwa palepale. Padri, kijana mgeni aliyehamishiwa parokia ile tangu Pasaka, alisoma misa kwenye meza ya jikoni. Ilipofika sala za waumini akauliza kama kuna mwenye nia ya kuombea.

"Tuombe mvua," Attracta akasema.

Malachy, aliyekuwa amepiga magoti karibu na jiko, alikuwa amekata majani ya ng'ombe siku iliyotangulia, konde zima limelala chini likingoja kukauka. Aligeuza shingo polepole.

"Mvua, mama?" padri akauliza.

"Ya nguvu. Kabla ya mchana, Mungu akipenda."

"Tuombe," padri akasema, hana la kufanya, na wote wakaitikia, Malachy akiitikia shingo upande. Attracta alifumba macho akaomba kwa moyo wake wote. Alipoyafumbua, miale ya jua ilikuwa imefika mpaka kwenye kanzu ya padri.

Baada ya misa wakala. Nyama ya nguruwe ilikatwa, mkate wa zabibu ukapakwa siagi, chupa ya wiski ikatolewa mahali ambapo kila mtu alijua ipo. Walikuwa katikati ya chai mlango ulipogongwa, na kijana mmoja akaingia ameshika kiuno kwa mkono mmoja na kurunzi kwa mwingine.

"Samahani kwa kuingilia. Mimi ni Ronan Feehily. Bibi Gilhooly yupo?"

Attracta aliinuka; mkaguzi ndiye huyo. Alikuwa amejiandaa kusema ni mpwa wake, au mtu wa umeme, chochote. Lakini kabla hajafungua kinywa aliona jambo la ajabu. Watu wote mle jikoni walikuwa wamenyamaza. Malachy, mtu asiyejua kunyamaza hata usingizini, alikuwa ameinamia sahani anaisoma ile nyama kama gazeti. Mtu wa pembeni yake ghafla alikumbuka kuchungulia dirishani. Na Concepta, kwa mazoea tu, kabla hajafikiri, akammiminia kijana kikombe cha chai akampa, kavu, bila maziwa.

"Umejuaje hanywi maziwa?" Attracta akauliza.

"Nani?"

"Huyu. Umempa ya mkandaa na hajakwambia."

"Nimekisia," Concepta akasema, na uso ukamwiva mpaka shingoni.

Ronan Feehily alikitazama kikombe chake. Alikuwa kijana mwenye adabu, na kazi ile ilikuwa imemfundisha kuingia nyumba za watu na kutoka bila kumjua mtu. "Hatujawahi kuonana," alisema kwa upole, akimwangalia Concepta, kisha Malachy, kisha wengine mmoja mmoja. "Nafurahi kuwafahamu nyote."

Attracta akaelewa. Alielewa taratibu, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyozidi kupata raha. Chicago. Mitamba. Alimtazama Malachy.

"Malachy, hebu mwonyeshe mgeni wetu bafuni ni wapi. Wewe ndiye mjuzi wa mabafu."

"Nimebanwa na kikohozi," Malachy akasema.

"Concepta, mpishe akae karibu na dirisha. Au labda madirisha hayamvutii."

"Attracta," Concepta akasema, chini kwa chini, "acha."

Angeendelea mpaka jioni, maana alikuwa hajastarehe hivyo kwa muda mrefu. Lakini kijana alikuwa na safari nyingine na mgongo unamuuma. Akaomba radhi, akawasha kurunzi, akaanza kazi. Alimulika dari: nyeupe. Akaenda chumba cha nyuma, watu wakimfuata kama wanaosindikiza jeneza, akamulika ukuta: maua ya waridi. Akapapasa karatasi kwa kiganja. Akatoka nje akaliangalia paa akiwa chini, kwa kuwa ngazi hakuiweza siku ile, akaona vigae vimejipanga mstari. Aliporudi ndani sura yake ilikuwa ya huruma, na Attracta akajua huruma hiyo inamaanisha nini.

"Mama," alisema polepole, amemwinamia ili wengine wasisikie, "siwezi kuandika nisichokiona. Nyumba hii ni nzuri kuliko yangu. Tuone mwakani."

Raha yote ikamtoka Attracta. Aliwatazama wale watu waliojazana mlangoni na vikombe mikononi, akaona akinyamaza dakika moja zaidi heshima yake itabaki salama Drumreask na yeye atakuwa Carlow. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akajikohoza.

"Sikilizeni wote," alisema. "Huyu nimemwita mimi. Naiomba serikali initengenezee paa. Nimeinama, nimepiga magoti, nimefanya yote niliyosema sitayafanya. Mnaweza kucheka."

Hakuna aliyecheka. Padri kijana alifungua kinywa, akaona afadhali akitumie kulia mkate.

Concepta aliweka birika chini. Alipita katikati ya watu akaingia chumbani, akaishika pembe ya karatasi aliyoibandika mwenyewe kwa siku nzima, akaivuta. Ilichanika kwa mlio mrefu kuanzia darini. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi na umelowa, na harufu ikawaingia wote puani.

"Mulika hapo, Ronan," akasema. "Na nyuma ya kabati, ndiko kubaya zaidi. Amelisogeza kabati hilo hapo makusudi."

"Ulijua habari za kabati?" Attracta akauliza.

"Kila mtu anajua. Nani anaweka kabati mbele ya dirisha?"

Hapo ndipo walipofunguka. Malachy alisema vile vigae amevipanga kwa mkono tu, havina msumari hata mmoja, paka akipita juu vinashuka. Akasema na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, imeoza, amedidimiza kidole chake mwenyewe ndani yake kama kwenye siagi. Mwingine alikuwa anajua sehemu ya jikoni ambapo maji hutiririka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Mwingine alisema miaka yote wakija kucheza karata huwa wanawahi kiti cha upande wa mlangoni kwa kuwa cha upande wa pili kinadondokewa. Waliitukana nyumba ile kwa bidii, wakimvuta mkaguzi mkono huku na kule, na kila tusi lilimchoma Attracta na kumwokoa kwa wakati mmoja. Alikuwa ameficha kila doa kwa ustadi mkubwa, na wao walikuwa wamejifanya hawaoni kwa ustadi mkubwa zaidi. Alisikia aibu, akasikia pia anapendwa, na hakujua lipi limemliza.

Ronan alikuwa anaandika haraka. "Na mvua ikinyesha, mama, unalala wapi?"

Attracta aliangalia viatu vyake. "Jikoni. Kwenye kiti."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa baridi uliopita."

Hilo hawakulijua. Malachy alivua kofia, ingawa alikuwa ndani na alipaswa kuwa ameivua tangu misa. Concepta alibaki na kipande cha karatasi mkononi.

Mkaguzi alifunga kalamu. Akasema paa litaingia kwenye fungu la mwaka huu, ukuta na dirisha pia, mafundi watafika kabla ya Oktoba. Akamaliza chai yake ya mkandaa kwa mkupuo, akawaaga wote kama watu asiowajua, akaondoka ameshika kiuno.

Wengine nao wakatawanyika mmoja mmoja, Malachy akikimbilia majani yake. Concepta alibaki anaosha vyombo kwa hasira, vikombe vinagongana.

"Kwenye kiti," alisema. "Mwaka karibu mzima, na mimi nalala hatua chache kutoka hapa. Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia habari za madirisha?"

Concepta aliacha kusugua. "Niliona haya. Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kunicheka."

"Ningekucheka," Attracta akakubali. "Ningekucheka mpaka kanisani."

Mbali kule nyuma ya kilima wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, limechelewa, na Malachy alisikika akilipigia kelele trekta.

"Utakuja kulala kwangu mpaka mafundi wamalize," Concepta akasema, na hakuwa anauliza. "Leo hii. Chukua shuka zako."

Attracta aliutazama ukuta mweusi kupitia mlango wa chumba, maua ya waridi yamening'inia vipande vipande. Akaanza kutafuta shali yake.

"Nakuja," alisema. "Ila nataka kile chumba chenye madirisha ya serikali."