Siku Nasiba Alipozama

Mwaka 1964, waasi wa Simba walipokaribia kwetu, muuguzi wa dispensaire, zahanati yetu ya Kalunguta, alikimbia. Mke wangu Emérence alikuwa na mimba ya miezi tisa. Amisi, Mwislamu aliyekuwa akisafirisha kahawa yetu, alitupakia kwenye lori lake.

"Mwalimu Vagheni, twende kwangu Beni," aliniambia. "Muke yangu Nasiba anajua kuzalisha."

Siku ya tatu tukiwa kwa Amisi, saa nne asubuhi, uchungu ulikuwa umemchosha Emérence. Mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Nasiba alipiga magoti mbele yake, mikono ina mafuta ya mawese, macho hayapepesi. Risasi zikaanza kulia upande wa soko. Mabati yakatetemeka. Amisi akaniita tujifiche, nikashindwa kuondoka. Nasiba hakuinua hata kichwa.

Mlango ukapigwa teke. Akaingia mwanaume mwenye ndevu za mvi, majani yamefungwa kichwani, bunduki mkononi, akasimama mbele ya dirisha.

"Banaume ya hapa iko wapi?"

Mgongo wangu ulikuwa umegandamana na ukuta nyuma ya mlango. Nasiba akasema bila kugeuka, "Toka pa dirisha. Unafunika mwangaza."

Yule mtu akasogea.

"Leta ile maji."

Akaegemeza bunduki ukutani, akaleta karai kwa mikono miwili, polepole, kama anayeogopa kumwaga. Alipofika karibu na kuona, alivua yale majani kichwani. Tulisimama hivyo, yeye na mimi, tukiangalia vidole vya mwanamke vikitafuta kichwa cha mtoto mahali tusipopaona. Sijawahi kusimama kanisani namna ile.

Mtoto alitoka wa bluu. Nasiba akampulizia mdomoni, akamsugua mgongo, akampulizia tena. Kilio kikatoka.

Muasi akapangusa uso, akachukua bunduki yake. Mlangoni akawapigia wenzake kelele: "Humu hapana mutu!"

Risasi zilipohamia mbali, Nasiba alinawa mikono, akaona matope ya viatu sakafuni.

"Nani aliingia hapa?"

"Mama, Musimba! Ulimutuma maji!"

Alinikazia macho akidhani ninamtania. Kisha akayaangalia tena yale matope, akakaa chini.

Amisi akatoka chini ya kitanda. "Alikuwa amezama," akasema.

Kwetu kuzama ni neno la mtumbwi, ule unaopinduka ziwani kule Kyavinyonge na watu wake. Nilimuuliza kama alimaanisha kusahau.

"Hapana, Mwalimu. Mutu wa kusahau anaacha kitu kimoja. Mutu wa kuzama anaacha vyote juu ya kile kimoja. Baba yangu alizama hivi mu sala, nyumba ya jirani ikaungua, hakujua. Ukimuona mutu wa namna ile, hapana kumuita. Atarudi yeye mwenyewe."

Kesho yake tulivuka mto kukimbilia Kamango, mbali na vita, Emérence amebebwa kwa machela. Mwaka uliofuata, amani iliporudi kidogo, tulimpeleka binti yetu kubatizwa.

"Nasiba?" padri aliuliza. "Mais... lakini hilo ni jina la Baislamu."

Nilitaka kumweleza, lakini Emérence alinitangulia. "Ndiyo, mon père," akamjibu. "Andika tu."

Padri akaandika.