Alijua Kabla ya Dada Yake

Mama yao alipokufa kwa ugonjwa wa moyo, fundi cherehani alibaki na mdogo wake mgongoni, akamlea kwa sindano na uzi. Kijana akaja kuwa mtafiti wa protini, na mtaa mzima ulijua, maana dada mtu alikuwa hafungi mdomo. Ukienda kupimwa kiuno, utarudi na habari za Profesa. Ndilo jina la utani alilompa tangu mtoto, kwa maswali yake yasiyokwisha.

Profesa alipomwomba damu ya utafiti, dada alikunja mkono wa gauni papo hapo.

"Unatafuta nini humo?"

"Protini, dada. Ndizo zinazoendesha kazi za mwili. Kila moja ina umbo lake. Ikifumuka na kujikunja vibaya, inarundikana kwenye mishipa ya fahamu na moyo. Tukiijua, tunaweza kupata dawa ya kuishika isifumuke."

"Kama pindo la suruali."

Profesa alicheka. "Nikiona chochote, wewe ndiye wa kwanza kujua."

Ikawa kila akiuliza, jibu ni "bado tunapima." Na vidole vya dada vimeanza kufa ganzi, sindano zinamponyoka. Kila Jumapili Profesa alikuja kula, akamshika mikono, akamuuliza inaendeleaje. Roho ya dada ilikuwa ikisuuzika.

Siku Profesa alipoalikwa kuzungumza mbele ya madaktari, dada alikaa kiti cha mbele, amependeza.

"Mama alikufa kwa moyo," Profesa alisema. "Binti yake, fundi cherehani, ana protini ileile mbovu iliyomuua. Tumemfuatilia mwaka mzima bila tiba, tukaona ugonjwa unavyoanza."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Dada naye alikwisha kupiga mawili matatu kabla maneno hayajamfika.

Akamngoja kwenye korido.

"Mwaka mzima ulijua?"

"Dada, dawa ilikuwa bado kwenye majaribio. Ningekutia hofu bure. Halafu tulihitaji kuona—"

"Mlihitaji! Kumbe Jumapili zote zile ulikuwa unanipima. Mimi nikadhani unanipenda."

Profesa akainamisha kichwa.

Dawa ilipoidhinishwa, dada aliinywa, kwa mkono wa daktari mwingine. Ugonjwa ukasimama pale pale. Ganzi haikuondoka yote, lakini moyo ulisalimika. Hata yeye hakukana: bila utafiti ule angemfuata mama yake.

Profesa alikuja kuomba radhi. Dada akamsikiliza kutoka mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Dawa yako nainywa," alimwambia. "Kukuamini ndiko kulikonishinda."

Akafunga mlango, akakaa kitandani, machozi yakamtoka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba angeambiwa ukweli tangu mwanzo, angempa mdogo wake damu ileile, na huo mwaka mzima pia, bila kinyongo.