Mahudhurio ya Jumapili

Dada yangu Rosemery alifariki mwezi wa kumi. Baada ya arobaini, wasichana wake wa softiboli walikuja nyumbani Mlabani, wakakaa kwenye mkeka, na Kristina, ambaye ndiye mwenye mdomo kati yao, akauliza, "Anti Careen, sasa filimbi atapuliza nani?"

Mimi ni fundi cherehani. Niliishia kidato cha nne, na mchezo wenyewe niliujua kwa kumtazama dada: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, halafu anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla hawajamuwahi. Majirani wanauita rede ya Wazungu. Dada alijifunzia chuoni alipokuwa anasomea ualimu, akarudi na mipira sita, marungu mawili na glavu za kudakia, akaanza kuwafundisha mabinti kwenye uwanja wa Viwanja Sitini. Nilikubali filimbi kwa sababu ilikuwa yake. Pamoja na filimbi nikapewa daftari la mahudhurio.

Juu ya jalada aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Asiyefika mazoezini mara nne wakati wa masika hachezi Kidatu." Kidatu ndiko timu inakokwenda kila mwezi wa sita, mpunga ukishavunwa. Ndiyo mechi yao ya mwaka. Dada alikuwa akisema mechi hiyo huchezwa mazoezini, mwezi wa tatu, wakati hakuna mtu anayetazama.

Sikutaka kubadili hata nukta ya kitu alichokiandika.

Januari walikuja kumi na saba. Mvua zilipokolea, familia zikaanza kuhamia mashambani kama kila mwaka. Nyumba zikapigwa kufuli, kuku wakafungwa miguu na kupakiwa kwenye baiskeli. Machi walikuja kumi na mmoja. Mpunga ulipotoa masuke, waliobaki walizidi kupungua, maana wakati huo binti hana Jumanne wala Jumamosi ya mazoezi. Yuko juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, akifukuza ndege toka kunakucha mpaka jua lizame.

Mimi niliweka mkasi kwenye daftari, yaani alama ya kutofika. Ikifika minne nafuta jina.

Minza alituma ujumbe kupitia mtu wa bodaboda: "Anti, shikamoo. Ndege wameanza, baba ananitegemea. Usinifute." Minza ndiye mrushaji wetu. Ni mtoto wa mzee Masalu, Msukuma mwenye ng'ombe na mpunga ng'ambo ya daraja, njia ya Lupiro. Alikuwa na mikasi minne. Nikamfuta kwa rula.

Jumamosi iliyofuata nilihesabu majina, nikapata wanane. Softiboli wanacheza tisa.

"Anti, tumchukue mbuzi wa mama Yunis," Kristina alisema. "Anafika kila siku, na anajua kukimbia."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka.

"Dada Rosemery asingemfuta Minza," akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Sheria imeandikwa kwa mkono wake. Nenda kasome."

"Nimesoma. Na mwaka jana Minza alikuwa shamba vilevile, na Kidatu alirusha."

Niliona ananivunjia heshima mbele ya wenzake. Nikaenda nyumbani, nikafungua kurasa za mwaka uliopita ili nimwonyeshe. Jina la Minza lilikuwa na mikasi mitatu tu. Katikati ya safu za Jumanne na Jumamosi, dada alikuwa amechora kwa penseli safu nyembamba zisizo na jina la siku, tarehe tu, na ndani yake Minza alikuwa amefika; wiki hizo hakuwekewa mkasi. Omega naye alikuwa amefika, na wengine wawili wa ng'ambo. Nilichukua kalenda ya ukutani ya mwaka jana, ile ya parokia ambayo mama hajaitoa, nikahesabu tarehe. Zote zilikuwa Jumapili.

Hapo nikakumbuka.

Masika yale dada alikuwa anaondoka kila Jumapili baada ya misa ya pili, kwa baiskeli, na kurudi jioni na matope mpaka magotini. Mama na mimi tulijua ana mwanaume. Tulijua kabisa, kama watu wanavyojua mambo ya nyumbani kwao. Na hapo daktari alikuwa ameshamwambia moyo wake hautaki kazi nzito, na baiskeli aiache. Siku moja nilimngojea mlangoni, nikamwambia, "Unatuaibisha. Na ugonjwa huo, bado unakimbilia wanaume mashambani." Alivua viatu, akavigonganisha kutoa tope, akasema, "Siku nikichoka nitawaambia." Mimi sikumwomba radhi hata alipolazwa.

Jumapili ile nilitoa baiskeli yake stoo, nikajaza upepo, nikachukua daftari, mpira mmoja na glavu mbili. Kuna mwendo mpaka darajani, na baada ya daraja njia ya shambani ni utelezi mtupu. Nilisukuma zaidi ya kuendesha. Mimi ni mzima, na nilipumzika mara tatu.

Mzee Masalu alikuwa anachonga mpini nje ya kibanda. Aliitambua baiskeli kabla ya kunitambua mimi, akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mdogo wake kocha." Hakuuliza, alisema. Akanisogezea kigoda. "Kaa hapo. Hapo ndipo alipokuwa anakaa yeye. Akifika anakaa kwanza, hasemi, anashika kifua. Mama Minza anampa maji. Halafu ndiyo anaita mtoto."

"Mlijua kama anaumwa?"

Alirudi kwenye mpini wake, akaukwangua kidogo.

"Mtu akipumua namna ile, unajua. Nilimwambia, mwanangu, nitamtuma kijana na pikipiki akufuate. Akakataa. Alisema pikipiki ikija nyumbani mtauliza, na mkiuliza mtamfungia baiskeli. Alisema bora mdhani vingine." Akaulaza mpini chini. "Labda nilikosea. Ningekuja kwenu kusema. Nimelifikiria hilo toka siku ya msiba."

Mimi ndiye niliyekuwa nadhani hayo mengine.

Minza alikuwa dunguni, na rundo la madonge ya udongo miguuni. Ndege waliposhuka upande wa mbali, alichota donge akalirusha kwa mkono mtupu, likapasuka pale pale walipotua. Aliponiona alishuka taratibu, akapiga goti.

"Anti, umekuja kuchukua jezi?"

"Nimekuja mazoezini," nikasema. "Umechelewa kushuka."

Alinitazama kama asiyeelewa, kisha akaona glavu. Mama yake akapanda dunguni badala yake bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea. Tulisimama kwenye tuta kavu kati ya majaruba mawili. Mpira wake wa kwanza ulinipita, wa pili ukanigonga begani.

"Dada alikuwa anaudaka," akasema, halafu akashika mdomo.

"Rusha tena."

Wa tano niliudaka, ukaniuma kiganja mpaka machozi yakatoka, na niliyaacha yatoke, maana yalikuwa na sababu ya kusingizia.

Baadaye niliketi kwenye kigoda kile, nikachora safu ya penseli. Niliandika upya jina la Minza chini ya lile nililolifuta, nikaweka alama ya kufika. Ile mikasi minne iliniganda machoni. Sheria ni sheria, na sikutaka kuivunja. Basi nikaandika jina langu, Careen, mwisho wa orodha, nikaihamishia mikasi minne kwangu. Aliyekuwa hafiki ni mimi.

"Omega yuko dungu gani?" nikamuuliza Minza.

Akanionyesha kwa kidole, mbali kidogo, palipokuwa na kitambaa chekundu kinapepea.

Nilirudi nyumbani jua linazama. Mama alikuwa mlangoni, pale pale niliposimama mimi mwaka jana. Alitazama baiskeli, akatazama tope magotini kwangu.

"Ulikuwa wapi?"

Nilimwambia yote. Nilimwonyesha safu za penseli, moja moja, na tarehe zake. Alizipitisha kidole polepole, ingawa hakuwa na miwani. Nilingoja alie, au anilaumu, au ajilaumu. Alifunga daftari, akaliweka mapajani.

"Hapo alipokuwa anapumzikia," akasema, "pana kivuli?"

"Pana kivuli, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchota maji ya kuoshea baiskeli.