Hakuna Anayevuta Maji

Uke wa fundi cherehani ulikuwa umekauka, na kila mumewe alipomkaribia alisikia moto kama kidonda kilichokamuliwa ndimu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Hedhi ilikuwa imekoma mwaka uliopita.

Mumewe alikuwa fundi pampu. Kwake, kisima kikikauka hakuna cha kuuliza: kuna mtu kachomeka bomba lake pembeni. Basi akamsaka mwizi. Akamkamata seremala jirani, rafiki yake wa miaka ishirini, kwa kosa la kuleta suruali mbili zitiwe viraka. Akamtukana mbele ya wateja, kisha akahamishia godoro lake sebuleni.

Wifi mtu naye akaja na ushauri wake: sabuni ya maji ya kujisafishia ndani, asubuhi na jioni. Fundi cherehani alitii mwezi mzima. Moto ukazidi, na matone ya damu yakaanza.

Asubuhi moja alimwaga sabuni yote chooni, akafunika cherehani, akamfuata mumewe kazini. Alimkuta kichwa kimezama ndani ya pampu.

"Baba watoto, nawa mikono. Tunakwenda zahanati."

"Uumwe wewe, niende mimi?"

"Mashtaka umeyatoa wewe. Njoo usikie shahidi."

Alikwenda, kanuna. Muuguzi alimpima mama, kisha akawaeleza wote wawili bila kupepesa macho. Hedhi ikikoma homoni hupungua, ngozi ya uke huwa nyembamba, ute hupotea. Huwapata hata wanaonyonyesha, na baadhi ya dawa huleta vivyo hivyo. Sabuni ndiyo imemuunguza zaidi. Aoshe nje tu, kwa maji. Ipo jeli ya kulainisha, na ipo krimu ya homoni, daktari atamwandikia ikimfaa. Ile damu lazima ichunguzwe.

"Kwa hiyo hana mtu?" mume aliuliza.

Muuguzi alifungua kinywa, mke akamwahi.

"Niulize mimi, niko hapa. Sina. Na hata ningekuwa naye, bado ningekauka. Mimi si kisima chako."

Jioni mume alilikokota godoro kurudi chumbani. Akaambiwa alirudishe sebuleni mpaka atakapoitwa. Aliitwa baada ya wiki sita, damu ikiwa imechunguzwa na kuonekana haina baya.

Kwa seremala alikwenda kuomba radhi. Seremala aliipokea, akamrudishia ngazi aliyoazima, akafunga mlango.

Hasara ya kumsaka mwizi asiyekuwepo: miezi kumi na moja ya kulala mbalimbali. Wifi mmoja aliyesusa kwa sabuni yake kumwagwa. Rafiki mmoja.