Wahunzi Wapewa Zamu ya Kwanza

Wahunzi, timu ya mpira ya mji wa Erie, waliwahi kutwaa ubingwa mara moja. Wanda Gruszka aliikumbuka vizuri siku hiyo, maana alikuwa darasa la tatu, na baba yake, mtu mkavu kama gogo, alimbusu mama yake mbele ya majirani. Tangu hapo baba hakumbusu tena mama hadharani, na Wahunzi nao hawakushinda tena. Sasa Wanda alikuwa bibi wa miaka sabini na miwili, mjane, na bado alikuwa anangoja.

Mpira wao ni ule wa Kimarekani, wa kukwapua kitu kama yai na kuangushana kama fahali. Una huruma yake: kila Aprili vijana wanaomaliza vyuo hugawiwa kwa timu, kila timu ikichagua kwa zamu, na iliyoburura mkia ndiyo hutangulia. Basi Wahunzi walitangulia karibu kila mwaka. Watu wa Erie waliingoja siku hiyo kama wengine wanavyongoja fainali, kwa kuwa fainali waliisikia kwa jirani tu.

Uteuzi huchukua siku tatu, zamu saba kwa kila timu: moja Alhamisi, mbili Ijumaa, nne Jumamosi. Alhamisi, Wahunzi walichagua mrushaji, wa nne ndani ya miaka sita. Wale watatu wa mwanzo walikuwa wamevunjwavunjwa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusimama mbele yao kuwakinga. Ijumaa wakachagua wadakaji wawili, mmoja akapanda jukwaani kwa magongo. Jumamosi ikafika, na saa sita mchana zamu ya kwanza ya siku ilikuwa yao tena. Hata paka wa Wanda alijua kinachotakiwa ni mlinzi.

Wanda alikuwa amepanga viti kwenye gereji, televisheni juu ya friza, mlango umeinuliwa nusu ili moshi wa soseji upate pa kutokea. Upepo wa ziwani nao ukapata pa kuingilia. Kulia kwake alikaa shemeji yake, Chet, mdogo wa marehemu mumewe Ted, mstaafu wa kiwanda cha vichwa vya treni. Kushoto alikaa jirani yao, Lavelle Tibbs, aliyeendesha basi la mji miaka thelathini na moja na bado alikuwa na tabia ya kugeuka kutazama nyuma kabla hajasema jambo. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya majina mapajani.

"Mose Hostetler bado yupo," alisema Wanda. "Siku mbili nzima hakuna aliyemchukua. Mungu katuwekea."

"Hawajamchukua kwa sababu ana mikono mifupi," alisema Chet. "Inchi thelathini na mbili na robo. Nimesoma."

"Ya kwako umeipima?" aliuliza Lavelle.

"Mimi simkingi mtu."

"Hilo tunalijua. Hata kaka yako hukuwahi kumkinga na mkewe."

"Lavelle, soseji hiyo unayokula ni ya nani?" aliuliza Wanda.

"Yako, Bi Wanda. Tamu kweli."

"Basi kula kimya. Huyo mtoto kakulia kwenye ng'ombe. Wamemwonyesha hapo juzi, asubuhi anabeba ndama huku na ndama huku, mama yao kasimama anamwangalia, hana la kufanya."

"Shemeji, mrushaji wetu hakimbizwi na ndama."

"Afadhali angekimbizwa na ndama! Mwaka jana kakimbizwa na wanaume wanne mpaka kajificha nyuma ya muuza maji."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliokwisha kuzikwa na wanaosimuliana jinsi mazishi yalivyokuwa.

Ndipo Gerard, mwana wa Wanda, akainama kupita chini ya mlango, mtoto kamfunga kifuani. Alikuja kuchukua viti vya kukunja. Kesho yake, baada ya misa ya saa nne, Josephine wa miezi minne angebatizwa, na wageni wangekula kwa Gerard.

Wanda alimtazama mjukuu, kisha akakitazama kichwa chake. Kwani katika ukoo wa Gruszka mtoto akitoka kubatizwa husimamishwa kwenye ngazi za kanisa, huvikwa kofia ya sufu ya kahawia na njano ya Wahunzi, kisha hupigwa picha. Kofia ni ileile moja, iliyofumwa na bibi yake Ted. Ukutani ukumbini palikuwa na Ted ndani ya kofia hiyo, analia. Chet, analia. Gerard, analia. Lakini Alhamisi, mrushaji wa nne alipotajwa, Gerard alipiga simu kwa mama yake na kusema kwa upole kabisa, "Mama, Josie hatavaa." Na si hivyo tu. Baba wa mkewe Colleen, mzee Doyle, mtu wa mji ule wa timu nyekundu, inayoshinda mpaka watu wake wanapiga miayo, alikuwa amekwisha kutuma kofia yake kwa posta.

Kilichomkosesha Wanda usingizi siku mbili si ile kofia nyekundu. Ni kwamba mtoto angekuwa na furaha. Angekua, angeshinda kila mwaka, na Novemba yenye theluji asingekuwa na sababu ya kuja kukaa na bibi yake. Wanda hakuwa na kitu kingine cha kumrithisha. Alijua kukanda unga, alijua rozari, na aliwajua Wahunzi.

"Keti kidogo," alimwambia Gerard.

"Nimekuja kuchukua viti tu, Mama."

"Keti kwenye kimoja kabla hujakichukua. Tufanye hivi. Wakimchagua Mose, Josie anavaa kofia yetu. Wasipomchagua, sitafungua mdomo wangu tena."

"Tena maisha?" aliuliza Lavelle.

"Juu ya kofia, Lavelle!"

Gerard alitazama televisheni. Jina la Mose lilikuwa juu kabisa ya orodha ya waliobaki, limekolezwa rangi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane, fundi wa mabomba ya maji wa manispaa, na alikuwa amejiapiza Januari kwamba basi. Lakini Wanda alimwona akimeza mate.

"Ba'mdogo," alimwuliza Chet, "kweli bado yupo?"

"Yupo. Ila mikono..."

"Achana na mikono! Kacheza mechi arobaini hajapitwa." Gerard akavuta kiti. "Na zamu ni yetu. Wamekuwa na usiku mzima wa kufikiri. Hii hata wao hawawezi kuiharibu."

"Kwa hiyo tumekubaliana?" alisema Wanda.

"Haya, Mama. Wakimchagua, anavaa."

Wanda akainuka haraka asije akabadili mawazo, akaingia ndani, akarudi na kofia ndani ya karatasi laini. Akaiweka mapajani. Josephine aliitazama kwa macho ya udadisi, akatoa povu.

Saa sita ikagonga. Mzee mwenye suti akapanda jukwaani. Soseji zikasikika zikichuruzika mafuta. Gerard alikuwa ameegemea mbele, mkono mmoja umeshika kichwa cha mtoto.

"Wahunzi wa Erie," alisema mzee yule, "wamebadilishana zamu."

Zamu hiyo ya kwanza ilikuwa imekwenda kwa timu nyekundu, timu ya mzee Doyle. Nyekundu hawakupoteza hata dakika moja: wakamtaja Mose Hostetler. Kijana wa ng'ombe akaonekana kwao, sebuleni, amemwinua baba yake juu hewani kwa furaha.

Halafu maandishi yakapita chini ya picha, na Chet, aliyekuwa na macho mazuri kuliko wote, akasoma kwa sauti. Kwa zamu yao hii ya nne, Wahunzi wamepata zamu ya tatu ya mwakani.

"Ya tatu?" aliuliza Lavelle.

"Ya tatu! Kwa ya nne!" Chet akasimama. "Tumewaibia mchana kweupe! Mwakani tutakuwa na zamu mbili za tatu, na ya kwanza kabisa, maana tutaburura mkia tena!"

"Mwakani kuna walinzi watano wazuri," alisema Lavelle, akigeuka kutazama nyuma. "Yule wa Iowa! Yule jitu!"

"Yule wa Iowa!" alisema Wanda, na akapiga makofi. Alipiga kwa nguvu, kofia ikamponyoka mapajani ikaanguka sakafuni, na macho yake yaling'aa kama ya msichana. "Huyo wa Iowa ni mara mbili ya Mose! Mwakani, mtaniambia!"

Alipogeuka amwambie na mwanawe, alimkuta Gerard hatazami televisheni. Alikuwa anamtazama yeye.

"Mama," alisema. "Umepiga makofi."

Mikono ya Wanda ilikuwa bado imekutana. Akaishusha.

"Nilikuwa..." alisema.

"Najua. Sikulaumu." Gerard aliongea taratibu, kwa kuwa mtoto alikuwa ameanza kusinzia. "Hata mimi nilitaka kupiga. Mkono huu hapa ulikwishaanza kuondoka. Ndiyo nimeogopa." "Baba siku ya mwisho alinishika shati pale hospitali. Nikajua ananiachia usia. Akaniuliza, 'Mwakani wanasema kuna walinzi?' Nikamwambia wapo wengi, baba. Akafurahi. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Sikumwambia kwamba nampenda. Nilimwambia walinzi wapo wengi."

Chet alikaa chini. Lavelle aliipunguza sauti ya televisheni, ingawa hakuizima.

Wanda hakuwa amelijua jambo hilo. Siku ile alikuwa ametoka kwenda kununua kahawa, na aliporudi Ted alikuwa amelala na uso umetulia. Miaka mitatu yote alikuwa akijiambia kwamba mumewe alimwona malaika.

Gerard aliiokota kofia, akaikung'uta vumbi, akamwekea mama yake mkononi. Alipomtazama usoni, hakuvumilia.

"Haya, mvike," alisema. "Kesho, picha moja tu. Kwa ajili ya baba. Colleen nitaongea naye."

Akamfungua mtoto, akampa bibi yake ampakate. Josephine alikuwa mzito na moto kama mkate. Alifungua macho, akamwona Wanda, akacheka na fizi zake tupu, bila sababu yoyote, hajachaguliwa mtu wala hajashindwa mtu. Wanda aliinyoosha kofia kwa vidole viwili. Aliisogeza mpaka sufu ikagusa nywele chache za mtoto.

Mkono haukwenda mbele zaidi.

"Itamwasha," alisema.

"Mama, nimekwambia mvike."

"Nimekusikia. Ni sufu ya zamani, itamwasha." Akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya friza, kando ya televisheni. "Mvikeni ile ya Doyle. Kama ameituma kwa posta amelipia. Mimi nitasimama pembeni, nitacheka vizuri, msiwe na wasiwasi."

Gerard akambusu mama yake kwenye paji la uso, akamchukua mtoto, na Lavelle akamsaidia kubeba viti hadi kwenye gari. Wanda aliisikia injini ikiwaka, ikarudi nyuma, ikaondoka. Mvua ya barafu ilikuwa imeanza kudunda juu ya bati.

Lavelle alirudi, akaketi. Kwenye televisheni majina yaliendelea kupita, vijana wakikumbatiwa na mama zao, kila timu ikiahidi. Zamu ya tano ilipowafikia, Wahunzi walichagua mpigaji wa mateke.

Wanda alisimama mbele ya friza, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kuzimia. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Chet akadhani amepatwa na jambo.

"Shemeji?"

"Wamebakiwa na zamu ngapi?" aliuliza Wanda bila kugeuka.

"Mbili."

Akaondoa kidole, akavuta kiti, akaketi.